Rufani ya Mpango wa Ardhi Vijijini
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na walimu)



Nimeombwa niseme machache juu ya mtu asiyeridhika na mpango wa ardhi wa kijiji chake katika Tanzania: akalalamike wapi?

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji hupendekeza wapi palimwe, wapi palishwe, na wapi paachwe msitu; kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji hukubali au hukataa. Jambo hili ni jema, maana wenye nchi ndio waamuao. Lakini mikono mingi ikinyoshwa juu, mmoja huweza kukosa shamba. Tuseme ni mjane, na shamba lake limetiwa ndani ya malisho.

Angalikuwa amegombana na jirani, ngazi ipo: hupatanishwa na Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe 7, wanawake wasipungue 3, au Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 haliamui tena bali hupatanisha tu, kwa siku 30. Wasipopatana, Baraza la Wilaya huamua. Lakini yeye hakugombana na jirani. Mshitakiwa wake ni Halmashauri yenyewe, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2020, amshitakiye mtawala wa mtaa, hata wa kijiji, hutoa kwanza taarifa ya siku 90, humwunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hupeleka shauri Mahakama Kuu. Mahakama Kuu! Mjane mwenye ekari mbili, asiye na nauli ya kufika wilayani!

Najua Serikali ilitaka mali ya umma itetewe vema, wala sibezi. Hata hivyo kesi ya mamilioni na kesi ya mpaka wa malisho si mamoja. Mimi naona yafaa sheria iweke ngazi fupi: pingamizi lisikilizwe kabla ya kura, Halmashauri ijibu kwa maandishi na kutaja sababu, kisha rufani iamuliwe wilayani kwa siku zilizowekwa.

Mpaka hapo, enyi makarani na watendaji, andikeni katika muhtasari jina la kila aliyepinga na maneno yake, hata kama ni mmoja na mkutano wote umemzomea. Naye akiomba nakala, apewe siku ile ile. Asipokuwa na karatasi hiyo, wakili atamwuliza nini?