Rajamu ya Mfanya Biashara

Leo twapenda kunena habari za rajamu, yaani ile alama ambayo mfanya biashara huitia katika bidhaa yake, ipate kujulikana kuwa ni yake wala si ya mwingine.

Zamani misafara ilipotoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka Tabora hata Ujiji, wapagazi walichukua mizigo ya nguo, maana nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Mikono minne ilikuwa shuka, mikono minane doti. Nguo iliyosifiwa sana ilikuwa merikani, nguo ya pamba isiyong'arishwa, iliyofumwa Massachusetts katika nchi ya Marekani, ikaletwa Unguja na wafanya biashara wa mji wa Salem. Watu waliipenda kwa sababu ilidumu.

Kisha Wamarekani wakapigana wao kwa wao, tangu 1861 hata 1865. Pamba ikaadimika, nguo ile ikawa ghali. Baadaye nguo za Bombay zikashika mahali pake, lakini jina halikuondoka. Kila nguo ya namna ile iliitwa merikani, ijapokuwa haikutoka Marekani. Basi mnunuzi aliyeitaka ile ya kwanza, jina halikumfaa kitu tena.

Sheria ya rajamu yakusudia kuzuia hasara kama hiyo. Uingereza ilifungua daftari la rajamu mwaka 1876. Sisi wa Tanzania Bara tunayo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Mtu huandikisha alama yake katika ofisi ya BRELA, nayo hulindwa miaka 7. Kisha aweza kuitia upya kwa miaka 10, na kumi tena. Mwingine haruhusiwi kuitumia kwa bidhaa za namna ile, wala alama inayofanana nayo hata kumpoteza mnunuzi.

Lakini ulinzi huo una mpaka. Tuseme mfuga nyuki wa Sikonge ameandika juu ya chupa zake "Asali ya Tabora", akachora na ndege mlembe amekaa juu ya mzinga. Hawezi kuwakataza jirani zake kusema kuwa asali yao nayo ni ya Tabora, maana ndiyo kweli. Lakini picha ile, akiisha kuiandikisha, ni yake. Mtu akiibandika juu ya asali iliyochanganywa na maji ya sukari, amewadhulumu wawili: mwenye alama, na mnunuzi aliyeiamini.

Tena mwenye rajamu asilale. Akinyamaza mpaka jina lake limekuwa jina la kila kitu cha namna ile, aweza kulipoteza, likawa kama merikani.

Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema kisicho na alama, kibaya huweza kujitembeza kwa jina lake. Basi ninyi wafuga nyuki, wafumaji na wafinyanzi, fanyeni kazi njema kwanza, kisha itieni alama yenu na kuiandikisha.