Neno Lije na Sentensi Yake: Msamiati wa Kiingereza Kidato cha Kwanza



Ukifungua daftari la msamiati la mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mara nyingi utakuta safu mbili: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Borrow, azima. Lend, azima. Mwanafunzi kanakili yaliyokuwa ubaoni, mwalimu katia vema, na kesho yake mtoto anasimama na kusema, "Teacher, borrow me a pen." Si kwamba hakusoma. Kasoma vizuri sana, na daftari ndilo lililomwambia kuwa maneno hayo mawili ni kitu kimoja.

Hoja ninayoileta ni kwamba mtoto akipewa maana bila sentensi, atalitumia neno la Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili, kwa sababu ndizo alizo nazo. Miaka saba ya shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili; atoe wapi nyingine? Ndiyo maana tunasikia "open the radio" na "open your shoes": redio na viatu vyote kwetu hufunguliwa.

Nibaki kidogo na hilo la kuazima. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, anayetoa na anayepokea wote huazima, na hatupotezani. Kiingereza kimewatenga. Andika ubaoni sentensi mbili, moja chini ya nyingine:

Asha borrowed a ruler from Juma.
Juma lent a ruler to Asha.

Watoto ni walewale, rula ni ileile. Uliza: rula ilikuwa ya nani? Sasa iko kwa nani? Wakishajibu, chora mshale kutoka kwa Juma kwenda kwa Asha, kisha pigia mstari from na to. Vijineno hivyo viwili kamusi ndogo ya mfukoni haivitaji, na bila hivyo mtoto hawezi kulitumia neno hata akilijua. Halafu kila mmoja atunge sentensi ya kitu alichoazima kweli darasani, kifutio au kompasi. Maana ya Kiswahili iandikwe mwisho.

Wapo wenzetu wanaotaka Kiswahili kisisikike kabisa katika kipindi cha Kiingereza. Sikubaliani nao. Mtoto atatafsiri kichwani tu, tupende tusipende. Afadhali atafsiri mbele yetu tumsahihishe.

Kutegemea sentensi si jambo geni. A. S. Hornby alifundisha Kiingereza Japani, na kamusi aliyoitunga na wenzake ikatoka Tokyo mwaka 1942. Oxford waliichapa upya mwaka 1948, na ndiyo iliyokuja kuwa Oxford Advanced Learner's Dictionary. Ilitungwa kwa ajili ya mgeni wa lugha, hivyo kitenzi hakikupewa maana tu, kilionyeshwa pia kinavyokaa katika sentensi. Mwaka 1987 ikaja kamusi ya COBUILD, kazi iliyoongozwa na John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ambayo mifano yake ilitolewa katika maandishi na mazungumzo halisi. Kwa mwalimu ni hazina. Kwa kidato cha kwanza, nadhani mifano hiyo ina mzigo: sentensi iliyong'olewa katika gazeti la Uingereza huja na mambo matatu mengine ya kueleza kabla hujafika kwenye neno lenyewe. Tutunge zetu, fupi, zenye watu na vitu ambavyo mtoto anavijua.

Yako maneno ambayo mwalimu wa Kiingereza hawezi kuyamaliza peke yake. Nguvu ni mfano mzuri. Mtaani neno hilo moja linatosha kwa strength, force, power na energy. Kwenye Fizikia, atakayechanganya force na power amepoteza alama, kwani moja hupimwa kwa nyutoni na nyingine kwa wati. Sentensi ya mfano hapa itoke katika kitabu cha Fizikia: "The power of this bulb is 60 watts." Kipimo kilichomo kinamkumbusha mwanafunzi ni neno gani. Kaeni na mwalimu wa Fizikia mapema, kabla maneno hayo hayajafika darasani kwake.

Kuhusu maneno ya kuanza nayo, tupunguze kupenda makubwa. Orodha ya maneno ya Kiingereza aliyoitoa Michael West mwaka 1953 ina maneno ya msingi kama 2,000, mengi yakiwa ya kawaida kabisa: keep, rise, raise, cause. Hayo ndiyo yanayojaa katika maswali ya mtihani.

Na jaribio la Ijumaa nalo libadilike. Tukiendelea kuuliza "maana ya lend ni nini?", wataendelea kukariri safu mbili. Mpe sentensi yenye pengo, achague kati ya borrow na lend, kisha aeleze kwa Kiswahili kwa nini kachagua hilo.

Kwa kazi ya vikundi, naomba kila kikundi cha walimu kichukue ukurasa mmoja wa kitabu cha Biolojia au Jiografia, kichague maneno matano, na kutunga sentensi mbili kwa kila neno. Kikundi kingine kitazisoma na kukisia maana bila kufungua kamusi. Sentensi ambazo maana haikisiki zitarudishwa kwa watungaji.