Nzuri, Ila...: Je, Orodha ya Furaha Duniani Inatujua?

*Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya alasiri, Eastlands, Nairobi*



Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazazi wetu, akina mama mlioko upande wa pili, na nyinyi vijana mlioketi hapa na swaumu zenu, sitawachosha. Najua saa kumi na moja hii kila mtu ana lake kichwani, na akina mama wana viazi vya kumenya. Nimekuja kulipa deni tu.

Deni lenyewe ni hili. Ramadhan ya mwaka 2024, baada ya taraweh, kijana mmoja wa hapa mtaani alinijia na simu mkononi. Akaniambia, "Mwalimu, hebu tazama. Wamepanga nchi 143 kwa furaha. Sisi Kenya ni wa 114. Uganda 117, Tanzania 131. Yaani hata furaha nayo tumekuwa wa nyuma?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia nitamjibu, kisha nikamkwepa, maana sikuwa na jibu. Leo nalijibu mbele yenu wote.

Orodha inatengenezwaje?

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa, kwa ombi la nchi ndogo ya Bhutan, ulipitisha azimio kwamba serikali zitazame pia furaha ya watu wao, wasihesabu pesa peke yake. Mwaka 2012 ikatoka Ripoti ya Furaha Duniani ya kwanza, na 20 Machi ikawekwa kuwa Siku ya Furaha ya Kimataifa. Mwaka 2024 na mwaka 2025 tarehe hiyo ilituangukia ndani ya mwezi mtukufu. Ndiyo maana kijana wetu alisoma habari za furaha akiwa ndiyo kwanza ametoka msikitini.

Wengi wetu tunadhani wakubwa fulani hukaa mahali wakahesabu vicheko vya watu. Sivyo. Watu kama 1,000 hivi katika kila nchi huulizwa kila mwaka, na kazi hiyo hufanywa na shirika la Gallup la Marekani. Swali lenyewe ni moja tu: fikiria ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10. Juu kabisa ni maisha bora kabisa unayoweza kuyapata wewe, chini kabisa ni maisha mabaya kabisa. Je, wewe leo umesimama kidato cha ngapi?

Basi. Majibu ya miaka mitatu hujumlishwa, wastani ukatolewa, nchi zikapangwa. Kuna mambo sita ambayo watafiti huyatumia kueleza kwa nini nchi hii iko juu na ile chini: kipato, mtu wa kukusaidia ukipata shida, umri wa kuishi na afya, uhuru wa kujiamulia, ukarimu, na ufisadi. Lakini nafasi haitoki kwenye hayo. Nafasi hutoka kwenye ngazi peke yake.

Sasa fanyeni hesabu. Sensa ya 2019 ilikuta Wakenya milioni 47.5, na Nairobi watu karibu milioni 4.4. Ukigawa sawasawa, katika wale 1,000 Nairobi nzima inapata kama watu 90. Hao 90 ndani yake mna Karen, mna Lavington, mna Kibera, kisha ndiyo mje Majengo, Kaloleni, Umoja, Kayole na Dandora. Na ile tofauti yetu na Uganda iliyowachekesha vijana, sisi alama 4.47 wao 4.37, ni sehemu moja ya kumi ya kidato kimoja! Hapo hakuna aliyemshinda mwenzake.

Fumbo la mwaka 2018

Nataka niwape fumbo. Chukueni orodha ya mwaka 2018, nchi 156. Wa kwanza Finland. Somalia ilikuwa ya 98. Kenya tulikuwa wa 124. Yemen, iliyokuwa kwenye moto wa vita, ilikuwa ya 152. Na Tanzania, nchi yenye amani, ilikuwa ya 153, nyuma ya Yemen!

Sisi watu wa Eastlands hatuhitaji mtaalamu wa kutueleza kwamba hapo pana jambo. Eastleigh iko hapa karibu. Tumeswali bega kwa bega na ndugu zetu waliokimbia kutoka Somalia, tumewapangisha vyumba, tumeoleana nao. Basi zilikuwa zinaelekea upande gani miaka hiyo? Hatukuona watu wa Nairobi wakifunga mizigo kwenda Mogadishu kutafuta maisha bora kwa sababu kule ni nafasi ya 98.

Je, waliohojiwa walisema uongo? La. Swali lilikuwa la ngazi, na kila mtu ana ngazi yake. Mtu aliyeona jana mji ukiungua, na leo duka lake limefunguka na mtoto amerudi madrasa, atasema yuko cha tano, na ni haki yake. Kijana aliyesoma mpaka chuo kikuu, na kila akipanda matatu anapita chini ya maghorofa mapya asiyoweza kuyapanga, atasema yuko cha tatu, na ni haki yake pia. Kila mmoja amepima umbali kati ya anapoishi na pale anapodhani angeweza kufika. Huo nao ni ukweli, lakini hauwezi kukuambia nani analala salama na nani anakunywa maji safi.

Saba na tatu ndani ya nyumba moja

Nikaona nijaribu mwenyewe. Mwaka jana nikalichukua lile swali la ngazi nikaingia nalo kwenye ploti moja isiyo mbali na hapa. Nikaanza kwa mama mmoja anayekaanga mahamri na viazi karai. Akajibu bila kufikiri, "Saba, alhamdulillah." Mwanawe alikuwa amekaa mlangoni. Nikamuuliza yeye. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tatu."

Nyumba moja, chumba kimoja, bomba moja la uani linalotoa maji siku mbili kwa wiki. Mama saba, mwana tatu. Je, furaha ya nyumba ile ni wastani wa tano? Tano haimo mle ndani. Hakuna aliyeitaja.

Na Marekani nao yamewafika haya haya. Mwaka 2024 walianguka mpaka nafasi ya 23. Walipotenganisha umri, wazee wa miaka 60 na zaidi walikuwa nafasi ya 10, na vijana walio chini ya miaka 30 nafasi ya 62. Nchi moja, bendera moja, lakini vijana wanaishi kama wako nchi nyingine kabisa na wazazi wao.

Turudi kwa yule mama. Nilipokuwa natoka alinifuata mpaka kwenye lango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ile saba nilikupa kwa sababu umeniuliza mbele ya watoto. Na mtu hamlalamikii Mola wake mbele ya mgeni." Kisha akasema, "Lakini tatu ya huyu mtoto mimi sikuijua. Amekuwa akilala na tatu humu ndani, na mimi nimelala hapo hapo?"

Ndugu zangu, neno hilo halijanitoka mpaka leo.

Tazameni lugha yetu. Ukimuuliza Mswahili habari, atakujibu nzuri. Hata matangani mtu huulizwa habari, akajibu nzuri kwanza, ndipo aseme, "ila tumefiwa." Hiyo nzuri ni adabu na ni shukrani, uongo haumo. Wapo pia wanaopunguza. Mtu mambo yake yananyooka, lakini ukimuuliza atakwambia, "twasukuma tu," kwa kuchelea kijicho. Habari yenyewe iko baada ya "ila". Na mwenye kuuliza ngazi huandika namba akaenda zake. Hasubiri ila.

Basi tuitupe?

Hapana. Msije mkatoka hapa mkasema mwalimu amesema orodha ni upuzi. Kipimo kisichotosha si lazima kiwe cha uongo. Tangu 2018 hadi 2025 Finland imekuwa ya kwanza kila mwaka, na dunia inawajua Wafini kwa ukimya wao kuliko kwa vicheko. Lakini mtu wa kule akiugua anajua atatibiwa bila kuuza shamba, na akiingia ofisi ya serikali hategemei kuombwa chai. Moyo usio na hofu ya kesho hupanda ngazi. Hilo tujifunze, na tulidai.

Sisi Waislamu tuna kipimo kizee kuliko Umoja wa Mataifa. Imepokewa katika hadithi iliyomo kwenye mkusanyo wa Tirmidhi, maana yake ni kwamba mwenye kuamka akiwa na amani miongoni mwa watu wake, na afya mwilini mwake, na chakula cha siku yake, basi huyo ni kama amekusanyiwa dunia nzima. Mambo matatu: amani, afya, chakula. Hayo yanaonekana kwa macho, hata mwenyewe asiposema neno. Je, mtoto wa kike anaweza kutoka duka la kona saa mbili usiku akafika kwao salama? Je, mgonjwa akifika hospitali anapata dawa, au anaandikiwa karatasi akanunue nje? Je, nyumba ya jirani moshi umefuka leo?

Na hapa nataka tuwe waangalifu. Kukinai ni ibada ya moyo. Utajiri, kama tulivyofundishwa, hauko katika wingi wa mali bali katika nafsi. Lakini kukinai ni kwa ajili ya nafsi yako wewe. Usikitumie kumnyamazisha mwenye njaa. Kiongozi akija kutuambia watu wa mitaa hii ni maskini lakini wana furaha, tumwambie: bwana mkubwa, ile alhamdulillah tunamwambia Allah. Wewe tunakudai maji. Machi 2024 orodha ilisema Kenya ni ya 114, na wakubwa wakaisoma wakaipita. Juni mwaka huo huo vijana waliingia barabarani nchi nzima, na wengine hawakurudi makwao. Waliozoea kusema "poa" siku hiyo walisema ila zao zote kwa pamoja.

Namba nyingine

Nimalizie kwa namba moja zaidi. Kulikuwa na orodha nyingine, ya shirika la Uingereza liitwalo CAF, iliyouliza watu kama mwezi uliopita wamemsaidia wasiyemjua, wametoa pesa, au wamejitolea muda wao. Mwaka 2024 Indonesia ilikuwa ya kwanza, na Kenya ya pili duniani. Huo huo mwaka wa 114 kwa furaha!

Msishangae. Mnayajua wenyewe. Mtu akilazwa, simu zinalia, mchango unapita kwa M-Pesa, shilingi hamsini hamsini mpaka bili inalipwa. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini tulitazame na upande wa pili: mtaa unaochangishana kila wiki ili mgonjwa atolewe hospitali ni mtaa wa watu wema, na pia ni mtaa ambao kuna mtu mahali fulani hajafanya kazi yake. Namba zote mbili ni za kweli, na zinatoka kwenye jambo moja.

Kijana wangu wa simu, nadhani umo humu. Jibu langu ni hili: hukushindwa furaha. Watu waliulizwa wako mbali kiasi gani na maisha wanayoyatamani, wakasema mbali. Hiyo ni shikayo, si aibu. Na wewe mwenye tatu, usikae nayo peke yako. Mwanawe yule mama alikuwa ameacha kuja taraweh kwa sababu kila akija anaulizwa, "Umepata kazi?" Sisi ndio tuliomfukuza kwa salamu zetu. Siku hizi amerudi. Kazi hajapata, lakini mamake anajua, na futari wanakula pamoja wakizungumza.

Basi kazi niliyowaletea kwa kumi hizi zilizobaki ni ndogo. Kila mmoja amchague mtu mmoja: mzazi, ndugu, au jirani wa mlango wa pili. Amuulize habari. Akijibiwa nzuri, asiondoke. Asubiri ile ila.

Allah atutakabalie swaumu zetu, awape subira wanaotafuta riziki, na awafungulie milango ya kheri. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.