Dawa za Jikoni na Cheti cha Daktari

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi la mjini)



Nimeombwa niseme juu ya dawa tunazojipikia nyumbani. Sikuja kuwacheka wazee. Mimi nimelelewa kwa muthiga na muarubaini, na hata leo koo likiniwasha sikimbilii duka la dawa. Wengi wetu twalala Kawangware, Kangemi na Kibera, twaondoka alfajiri kuja mjini, na kikohozi cha baridi ya Julai twakijua sote.

Ya kikohozi naipika hivi. Tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, ya soko la Kangemi, naiosha sana, naiponda na ganda lake, naitia katika vikombe viwili vya maji. Sufuria ifunikwe, ichemke dakika kumi. Nikisha epua ndipo nakamua nusu ya limau, na ikipoa kiasi cha kunyweka natia kijiko cha asali. Kikombe asubuhi, kikombe usiku. Haiui ugonjwa, hulainisha koo tu, na mafua huondoka yenyewe. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, maana yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi.

Muthiga hutafunwa kipande kidogo cha gome; ni mkali kama pilipili. Muarubaini mama mjamzito asinywe, wala mtoto mchanga asipewe. Kwa kuhara, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe. Hayo si miti shamba, lakini mgonjwa anayeishiwa na maji mwilini yatamfaa kuliko majani yote niyajuayo.

Kikohozi kikipita wiki mbili, au ukatema damu, au ukatoka jasho usiku na kukonda, acha sufuria. Huenda ni kifua kikuu, na katika hospitali za serikali dawa zake ni bure. Na ukipata homa baada ya kurudi kutoka Busia au Pwani, kapimwe malaria siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Zamani nilipokuwa mpishi katika hoteli moja hapa mjini, mafuta ya moto yaliniunguza mkono. Sikumwambia mtu. Nilikwenda nyumbani, nikapaka utomvu wa mshubiri, nikalala. Siku ya nne mkono umevimba, siwezi kushika kisu. Nilipokwenda kwa msimamizi aliniuliza: "Nani alikuona ukiungua hapa?" Sikuwa na jibu, na siku zile zote sikulipwa.

Mshubiri haukunikosea. Nilikosea mimi kunyamaza. Ukiungua, mwagia maji baridi ya bomba dakika ishirini, na papo hapo umwambie tajiri, kwa mdomo au kwa barua, mbele ya mwenzako. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 yataka taarifa hiyo.

Na ugonjwa wa kawaida ni vivyo hivyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha saba kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili. Lakini yataka cheti cha daktari, na tajiri apewe habari mapema. Wako wenzetu wanaojifungia siku tatu na birika la tangawizi, wakapona vizuri, kisha mwisho wa mwezi wakakuta siku tatu zimekatwa. Kunywa tangawizi yako, bwana, lakini kwanza pita zahanati uandikiwe.

Mwenye swali na aulize sasa. Mama wa jikoni ameniashiria kuwa sufuria imekwisha chemka, na vikombe havitoshi, kwa hiyo tutapokezana.