Baiskeli ya Safari Ndefu: Anzia Port Credit

Msikilizaji wetu wa Mississauga, umenunua baiskeli ya safari ndefu, ile yenye gia nyepesi za kupandia vilima, tairi imara na keria ya kufungia mifuko pande zote mbili. Usiende nayo mbali leo. Safari ya kwanza iwe bila mzigo, upate kujua urefu wa siti unaokufaa. Goti likiuma, rekebisha siti kwanza. Waya mpya za breki na gia hulegea baada ya muda mfupi, kwa hiyo irudishe kwa fundi azikaze.

Mahali pazuri pa kuanzia ni ufukwe wa Ziwa Ontario. Toka Port Credit, elekea magharibi hadi bustani ya Jack Darling. Hakuna mlima wa kukutisha. Njia hiyo ni kipande cha mtandao wa zaidi ya kilomita 3,000 kando ya Maziwa Makuu! Mbele yake ni kinamasi cha Rattray Marsh: humo usiendeshe, zungukia mitaa ya jirani.

Sheria ya Ontario inataka kengele, na usiku taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Aliye chini ya miaka 18 lazima avae helmeti. Nawasihi na watu wazima mvae. Barabara za QEW, 401 na 403 ni marufuku kwa baiskeli.

Mzigo uje baadaye: vizito chini, uzito sawa kushoto na kulia, na tyubu ya akiba pamoja na pampu mahali pa kufikika haraka.