Ufundi wa Mbao ni Amana: Tufundishane
Hotuba kwa waumini na maseremala wa Kalangalala, Geita



Leo tunazungumzia useremala, kazi tunayoiona kila siku katika kata yetu hii. Kando ya barabara zetu hutengenezwa vitanda, makabati na milango. Na katika safu zetu za sala wamo mafundi wa kazi hiyo pamoja na vijana wanaojifunza kwao. Neno letu ni moja: ujuzi wa fundi ni amana, na amana hiyo hutimizwa kwa kuwafundisha wengine.

Kazi hii ina heshima ya zamani. Kule Madina, Mtume Muhammad s.a.w. alikuwa akihutubia huku ameegemea gogo la mtende. Kisha mwanamke mmoja wa Kiansari akamtoa mtumishi wake seremala, naye akatengeneza mimbari ya ngazi tatu kwa miti ya Ghaba, karibu na mji huo. Aidha, tumepokea katika Hadithi kwamba Nabii Zakaria a.s. alikuwa seremala. Basi kijana asione haya kushika randa, wala mzazi asidhani kwamba anayepelekwa kwa fundi ni mtoto aliyeshindwa maisha.

Mji wetu unajulikana kwa dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wapo Mgusu, Nyarugusu na kwingineko. Riziki ya machimbo ni njema kwa anayeitafuta kwa njia ya halali, lakini dhahabu ina mwisho. Kwa jirani zetu wa Kahama, mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukausitisha mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa ulipoanza alikuwa bado yumo shule ya msingi uliposimama. Lakini ujuzi wa mikono humfuata mwenyewe popote aendapo. Wahenga walisema: achanikaye kwenye mpini hafi njaa.

Hata hivyo, ndugu zangu, kuna tatizo. Kijana huweza kukaa bandani miaka miwili au mitatu akifagia maranda, akipiga msasa na kubeba mbao. Ifikapo saa ya kupima na kuchora kiungo, hutumwa dukani kununua misumari. Fundi huogopa kwamba mwanafunzi akishajua, atafungua banda la pili na kumchukulia wateja. Hofu hiyo inaeleweka, kwani fundi naye ana watoto wa kulisha. Lakini tuutazame mfano wa Keko, Dar es Salaam. Huko mabanda ya samani yamepakana kwa wingi: huyu ana mashine ya kuranda, yule huchonga miguu ya meza, mwingine ni hodari wa kupaka vanishi. Mteja huenda Keko kwa sababu hiyohiyo kwamba mafundi ni wengi na kazi ni za kila namna. Nasi hapa, mteja akikosa kabati imara, ataliagiza mbali, na hasara itakuwa yetu sote, fundi mkubwa na mdogo.

Kwa hiyo tunapendekeza maseremala wetu wakutane Jumamosi moja ya kila mwezi, kwa zamu bandani kwa kila mmoja, na kila mkutano uwe na somo moja. Anayejua kunoa patasi na randa afundishe. Anayejua kuunga kwa ulimi na tundu, pasipo kutegemea misumari, afundishe. Somo la kukausha mbao lisisahauliwe, kwani mlango wa mbao mbichi hupinda na kupasuka ukiwa tayari umefungwa nyumbani kwa mteja. Mbao zipangwe kivulini, ziinuliwe kutoka ardhini, na kati yake viwekwe vijiti ili hewa ipite.

Liwepo pia somo la afya. Tangu mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limelihesabu vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyowasababishia binadamu saratani. Basi vijana wetu wavae barakoa wanapokata na kupiga msasa, na banda liwe wazi upepo upite.

Somo jingine ni la uaminifu. Paini ya Sao Hill ina matumizi yake mema. Lakini kuipaka rangi na kuiuza kwa jina la mninga ni udanganyifu, hata kama mteja hatagundua. Mninga na mkongo huchukua miaka mingi kukomaa, na misitu yetu hutakiwa pia mkaa, na matimba ya kuzuia maduara ya wachimbaji yasiporomoke. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka uvunaji wa miti hiyo uwe na kibali. Fundi anunuapo mbao aulize hati zake, na awezaye kupanda miti apande.

Nanyi vijana mliojifunza bandani, msikate tamaa kwa kukosa cheti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi hupimwa kwa kazi yake, na akifaulu hupewa cheti. Mikutano hiyo iwaandae kwa upimaji huo.

Ndugu zangu, fundi akiondoka duniani, msumeno wake hurithiwa. Lakini ujuzi wake, kama hakuufundisha, huzikwa pamoja naye. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba elimu yenye manufaa huendelea kumfaa mtu baada ya kufa kwake. Basi kila fundi aliyepo hapa achague kijana mmoja, na juma hili amwonyeshe jambo moja ambalo hajapata kumwonyesha.

Mwenyezi Mungu atujalie riziki ya halali na mikono yenye manufaa. Amin.