Kununua Helikopta si Kununua Uwezo

Taifa linaponunua helikopta za kijeshi, hati ya ununuzi huonyesha bei na idadi. Haionyeshi ni nani atakayeleta vipuri siku muuzaji atakapokasirika. India ililitambua jambo hilo mapema.

Mwaka 1962, mwaka ule ule ilipopigana na China milimani, India ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Sud Aviation ya Ufaransa ili helikopta aina ya Alouette III ziundwe Bangalore, katika kiwanda cha umma ambacho tangu 1964 kinaitwa Hindustan Aeronautics. Ya kwanza iliruka mwaka 1965. Ikapewa jina la Chetak, farasi mashuhuri wa mfalme Pratap wa Mewar, na zaidi ya 300 ziliundwa.

Mpango wa pili ulikuwa na maana kubwa zaidi, kwa sababu safari hii mnunuzi ndiye aliyeeleza haja yake. Mwaka 1968 India ilitaka helikopta ya kupanda Himalaya, ambako hewa ni nyembamba na injini hupungukiwa nguvu. Wafaransa walichukua kiunzi cha Alouette II, wakakifunga injini na mapanga ya Alouette III, wakaiita Lama. Juni 1972, rubani Jean Boulet aliipandisha hadi mita 12,442. India iliiunda kwa jina la Cheetah, na tangu 1984 askari wanaougua au kujeruhiwa katika barafu ya Siachen, penye kimo cha zaidi ya mita 5,000, wamekuwa wakiteremshwa nayo. Huko hakuna barabara ya kumfikisha mgonjwa hospitali.

Hata hivyo, leseni hufundisha mikono kuliko inavyofundisha kichwa. Mafundi wa Bangalore waliijua kila skrubu, lakini usanifu ulikuwa wa wengine. Ndiyo maana nusu karne baadaye Chetak na Cheetah, ambazo muundo wake umekwisha zeeka, zilikuwa bado tegemeo la askari.

India ilipoamua kubuni helikopta yake, Dhruv, ilishirikiana kuanzia mwaka 1984 na kampuni ya MBB ya Ujerumani Magharibi. Baadaye ikatazamia injini kutoka Marekani. Mei 1998 ikajaribu silaha za nyuklia; Marekani ikaweka vikwazo, na injini hazikuja. Helikopta isiyo na injini ni bati tupu, hata ikiwa imebuniwa nyumbani.

India ikawategemea tena Wafaransa. Mwaka 2003 ilikubaliana na Turbomeca kuendeleza kwa pamoja injini mpya, iliyopewa jina la Shakti. Machi 2025 serikali yake iliagiza helikopta 156 za kivita aina ya Prachand, 90 za jeshi la nchi kavu na 66 za jeshi la anga. Kila moja hubeba Shakti mbili, injini zinazoundwa Bangalore kwa usanifu ambao sehemu yake kubwa ilifanywa Ufaransa.